KUCHAGUA LENZI PANA YA KAMERA KUBWA

Nyumba ya kale ikibomolewa hairudi tena. Kinachobaki ni picha yake, ikiwa ilipigwa, na ikiwa ilipigwa vema. Kwa hiyo mpiga picha aitwaye kwenda kupiga picha ya nyumba itakayovunjwa baada ya siku chache hana nafasi ya kukosea. Lakini kosa liwapatalo wengi katika kazi hiyo halitoki mkononi wala machoni mwao siku ya kazi. Lilikwisha fanyika zamani, siku ile waliponunua lenzi.

Wengi huuliza swali moja tu wanunuapo lenzi pana: Je, yaona upana gani? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Liko la pili, ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi, nalo ndilo liamualo kama kazi itafaulu au haitafaulu: Je, lenzi hii hutupa duara la nuru lenye ukubwa gani ndani ya kamera?

Kamera kubwa ni ipi?

Kamera kubwa isemwayo hapa ni ile itumiayo filamu za vipande, siyo filamu ya kuviringishwa. Ina ubao wa mbele ushikao lenzi, na sehemu ya nyuma yenye kioo cha ukungu, na kati yake mvukuto wa ngozi au kitambaa kizito usiopitisha nuru. Kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu. Mpiga picha hujifunika kwa nguo nyeusi, akatazama picha katika kioo, ikiwa kichwa chini miguu juu. Akiisha ridhika huingiza kipande kimoja cha filamu, hupiga, hukitoa, na kazi imekwisha.

Kipimo kitumiwacho zaidi ni inchi 4 kwa 5. Sehemu ya filamu hiyo ipatayo picha ni karibu milimita 96 kwa 120. Picha ya kamera ndogo ya kawaida ni milimita 24 kwa 36 tu. Maana yake ni kwamba filamu ya kamera kubwa ina eneo la mara 13 kupita ile ndogo, na ndiyo sababu huonyesha kila jiwe la ukuta na kila ua lililochongwa mlangoni.

Kwa sababu hiyo kamera za namna hii zimetumika sana kuandika habari za majengo. Huko Marekani iliundwa kazi ya serikali mwaka 1933 ya kupima na kupiga picha majengo ya kihistoria ya nchi hiyo, na kwa miaka mingi wapiga picha wake walitakiwa kutumia filamu za vipande. Negativu zao zimewekwa katika maktaba kuu ya taifa mjini Washington. Baadhi ya majengo hayo hayapo tena, lakini afunguaye picha zake leo aweza kuhesabu matofali.

Lakini ukubwa wa filamu si faida ya pekee. Faida ya pili ni kwamba ubao wa mbele waweza kuinuliwa juu pamoja na lenzi yake, huku sehemu ya nyuma ikisimama wima pale pale. Mwenye kamera ndogo akitaka kupata paa la nyumba ndefu hana budi kuielekeza kamera juu, na papo hapo kuta za nyumba hukaribiana kule juu, ikaonekana kama yaanguka nyuma. Mwenye kamera kubwa huiacha kamera ikiwa wima, akainua lenzi peke yake. Paa huingia katika picha, na kuta hubaki zimesimama kama fundi alivyozijenga.

Urefu wa lenzi

Kila lenzi huandikwa urefu wake kwa milimita. Huo ndio umbali uliopo kati ya lenzi na filamu, kwa kadiri, wakati kitu cha mbali sana kinapoonekana wazi katika kioo. Lenzi fupi huona eneo pana, na lenzi ndefu huona eneo jembamba.

Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, lenzi ya kawaida ni ya milimita 150. Filamu ikilazwa, lenzi hiyo huona upana wa digrii 44 hivi. Ya milimita 90 huona digrii 67, ya milimita 75 huona digrii 77, na ya milimita 65 huona digrii 85. Katikati ya ile ya 150 na ya 90 ziko za 135, 120 na 110, ambazo upana wake ni wa kiasi tu.

Hesabu hizo ni za filamu ya inchi 4 kwa 5 peke yake. Mwenye kamera ya inchi 8 kwa 10 lazima ahesabu mara mbili. Lenzi ya milimita 180 kwake ni kama ya 90 kwa mwenzake. Wala asidhani aweza kuazima ile ya 90 na kuitumia. Itampa picha ya mviringo katikati ya filamu, na pembe zote zitakuwa giza tupu. Hapo ndipo linapoanza jambo la duara.

Duara la nuru

Filamu ina pembe nne, lakini lenzi haina. Lenzi hutupa nuru ndani ya kamera kwa umbo la duara, kama taa ya mkononi imulikavyo ukutani. Filamu yote lazima ikae ndani ya duara hilo. Toka pembe moja ya filamu ya inchi 4 kwa 5 mpaka pembe inayoielekea ni milimita 154, na kwa hiyo lenzi ambayo duara lake lina kipenyo cha milimita 154 huifunika filamu hiyo barabara, bila kubakiza nafasi hata kidogo.

Lakini mpiga picha akiinua lenzi, duara nalo hupanda pamoja nayo, na filamu hubaki pale ilipo. Kama duara ni dogo, pembe mbili za filamu hutoka nje ya duara, zikawa nyeusi. Kama duara ni kubwa, lenzi yaweza kupanda na filamu ikawa bado imo ndani. Kwa maneno mengine, ukubwa wa duara ndio ruhusa ya kuinua lenzi. Mtu aliyenunua lenzi ya duara dogo amenunua kamera kubwa na kuifunga mikono.

Jambo hili lapoteza watu kwa sababu lenzi mbili zaweza kuandikwa urefu ule ule na zikawa tofauti kabisa. Kampuni ya Schneider ya Ujerumani, kwa mfano, ilitengeneza lenzi iitwayo Angulon ya milimita 90, ambayo duara lake ni milimita 154. Baadaye ikatengeneza Super-Angulon ya milimita 90 yenye tundu la f/8, na duara lake ni milimita 216. Kampuni ya Nikon ya Japani nayo ilitengeneza lenzi yake ya milimita 90 yenye tundu la f/8, na duara lake ni milimita 235. Zote tatu huona upana ule ule, digrii 67. Mtu akiziweka juu ya kamera bila kuinua kitu, hataona tofauti kubwa. Tofauti hujionyesha nyumba inapokuwa ndefu na uwanja unapokuwa mfupi.

Mfano wa nyumba moja

Chukua mfano wa nyumba ya ghorofa katika Mji wa Kale wa Mombasa, yenye kimo cha meta 12. Mbele yake pana nafasi ya meta 10 tu, kisha ukuta wa jirani. Kamera imesimama juu ya miguu yake kwa kimo cha meta moja na nusu. Kwa hiyo sehemu ya nyumba iliyo juu ya kamera ni meta 10 na nusu.

Hesabu si ngumu. Urefu wa lenzi huzidishwa kwa kimo kilicho juu ya kamera, kisha hugawanywa kwa umbali. Kwa lenzi ya 90, ni 90 mara 10.5, gawanya kwa 10. Jibu ni milimita 94 na nusu. Huo ndio umbali wa ukingo wa paa kutoka katikati ya duara. Filamu ikisimamishwa wima, toka katikati yake mpaka ukingo wake ni milimita 60. Basi lenzi lazima iinuliwe karibu milimita 35 ili paa liingie.

Sasa tazama zile lenzi tatu. Angulon, yenye duara la 154, haiwezi kuinuliwa hata kidogo bila kuzitia pembe giza. Mwenye nayo angehitaji kusimama karibu meta 16 kutoka nyumbani, na mahali hapo ni ndani ya nyumba ya jirani. Super-Angulon, yenye duara la 216, huruhusu karibu milimita 36. Kazi yapita, ingawa kwa shida. Ile ya duara la 235 huruhusu karibu milimita 47, na mpiga picha hufanya kazi yake akiwa na nafasi ya kutosha.

Mwenye lenzi ya kawaida ya 150 hana la kufanya hapo. Bila kuinua lenzi angehitaji kusimama mbali zaidi ya meta 26.

Je, si afadhali kununua ile ya 65, iliyo pana zaidi, na kumaliza shida zote? La, si hivyo. Ni kweli kwamba kwa lenzi ya 65 ukingo wa paa huwa milimita 68 kutoka katikati, na kuinua milimita 8 au 9 kwatosha; lenzi za 65 zenye duara la milimita 170 huruhusu karibu 10. Lakini nyumba ile ile ambayo kwa lenzi ya 90 ilijaza milimita 108 za filamu, kwa ya 65 hupata milimita 78 tu. Mahali palipobaki hujazwa na mawe ya njia na kuta za majirani, na yule aliyetaka kuonyesha nakshi za mlango amezifanya ndogo. Upana usiohitajika ni hasara.

Tena lenzi pana mno huvuta vitu vilivyo kandoni. Mtungi wa mviringo ukiwekwa karibu na pembe ya picha huonekana kama yai, na mtu aliyesimama hapo huonekana amenenepa kichwa. Kadiri lenzi ilivyo fupi, ndivyo mvuto huo uzidivyo. Kosa hilo halitokani na ubovu wa lenzi. Ndiyo desturi ya picha pana iliyopigwa juu ya filamu bapa.

Nuru hupungua kandoni

Lenzi pana haigawi nuru sawasawa. Katikati ya picha hupata nyingi, na pembe hupata kidogo. Kwa kanuni ya zamani ya elimu ya nuru, lenzi ya 90 hupeleka penye pembe za filamu ya inchi 4 kwa 5 kiasi cha theluthi moja tu ya nuru ya katikati, na ya 65 hupeleka kama sehemu moja katika sita. Na lenzi ikiinuliwa, pembe za mbali hupungukiwa zaidi.

Mabingwa walipata njia ya kuipunguza hasara hiyo. Katika miaka ya 1940 Mrusi aitwaye Mikhail Rusinov alibuni mpango mpya wa vioo, vyenye vioo vikubwa vilivyobonyea mbele na nyuma ya lenzi, ambao hupeleka nuru zaidi kandoni. Kwanza mpango wa namna hiyo ulitumika sana katika kamera za ndege zilizopiga picha za kutengenezea ramani. Kisha wengine waliufuata, na lenzi pana za karibu miaka sabini iliyopita, ikiwamo Super-Angulon, ni za ukoo huo. Ndiyo maana ni kubwa na nzito kuliko zile za kale.

Hata hivyo upungufu haukwisha kabisa. Kwa filamu nyeusi na nyeupe, na kwa lenzi ya 90, wengi huuvumilia au huusahihisha wakati wa kusafisha picha. Kwa filamu ya rangi, na kwa lenzi fupi kuliko 75, mara nyingi hutakiwa kioo maalumu cha kijivu, ambacho ni cheusi katikati na cheupe kandoni. Kioo hicho ni ghali, na hulazimisha filamu ipewe nuru kwa muda mrefu zaidi. Anunuaye lenzi fupi sana yampasa kuihesabu bei ya kioo hicho tangu mwanzo.

Tundu kubwa au dogo?

Lenzi za 90 hupatikana zenye tundu la f/8, f/6.8, f/5.6 na f/4.5. Ile ya f/5.6 hupitisha nuru mara mbili kuliko ya f/8, na ya f/4.5 kama mara tatu. Lakini picha zenyewe karibu zote hupigwa tundu likiwa limepunguzwa mpaka f/22 hivi, na vipimo vya duara navyo kwa kawaida hutolewa kwa tundu hilo. Basi nuru ya ziada yafaa wakati wa kutazama kioo tu. Afanyaye kazi ndani ya misikiti, makanisa na vyumba vyenye giza ataishukuru lenzi ya f/5.6. Atembeaye milimani na mzigo mgongoni, akipiga picha mchana kweupe, atashukuru wepesi wa ile ya f/8.

Je, kamera yenyewe yaweza?

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aipime kamera yake. Lenzi ya 65 hutaka ubao wa mbele uwe umekaribia sana sehemu ya nyuma. Katika kamera nyingi mvukuto wa kawaida ukikunjwa hivyo huwa mgumu kama ubao, na lenzi haiwezi kuinuliwa hata kama duara lake ni kubwa. Ziko kamera zinazokubali mvukuto mwingine, mlegevu kama mfuko, na ubao wa lenzi uliobonyea kwa ndani. Kamera isiyokubali vitu hivyo na ibaki na lenzi ya 90, ambayo kamera nyingi za kukunja huichukua bila taabu.

Vile vile kamera nyingine za kukunja zina sakafu ndefu itokezayo mbele. Lenzi pana huiona sakafu hiyo, nayo huingia katika picha. Mnunuzi ajaribu kwanza kama yaweza kuteremshwa.

Kununua iliyokwisha tumika

Kampuni ya Nikon ilitangaza mwaka 2006 kwamba inaacha kutengeneza lenzi za kamera kubwa, na watengenezaji wengine nao wamepunguza au wameacha. Kwa hiyo lenzi nyingi zinazouzwa ni zile zilizokwisha tumika. Hilo si jambo baya, maana lenzi iliyotunzwa hudumu kuliko mwenyewe. Lakini yafaa kuikagua.

Kwanza, ishikwe mbele ya taa na kutazamwa ndani. Nyuzi nyuzi kama za buibui ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi katika miji ya pwani yenye unyevu. Lenzi ihifadhiwe mahali pakavu, penye hewa, wala isifungiwe katika mkoba wa ngozi miezi mingi. Pili, kilango cha nuru kijaribiwe kwa sekunde moja na nusu sekunde. Kikisita au kikikwama, fundi atatakiwa, na gharama yake iongezwe katika bei. Tatu, lenzi itiwe katika kamera, iinuliwe, tundu lipunguzwe mpaka f/22, kisha mtu atazame kuelekea lenzi kutoka katika pembe za kioo cha nyuma. Akiliona tundu likiwa zima na la mviringo, nuru yafika. Akiliona limekatwa likawa kama mbegu ya boga, duara limekwisha.

Kadi na rula

Kuna njia ya kujua lenzi ifaayo kabla ya kununua chochote. Mtu achukue kadi ngumu, akate ndani yake dirisha la milimita 96 kwa 120. Aende penye nyumba au uwanja autakao, afumbe jicho moja, na kuishika kadi wima mbele ya jicho la pili, milimita 90 kutoka machoni kwa kipimo cha rula. Alionalo dirishani ndilo litakaloonwa na lenzi ya 90. Akiisogeza mpaka 150 au 65 ataona la lenzi hizo. Na akiinua kadi milimita 35 bila kuinua kichwa, ataona vile vile lenzi iliyoinuliwa ionavyo.

Mwenye kufanya hivyo mahali pengi afanyapo kazi atajua mwenyewe. Wengi watakuta kwamba lenzi moja ya milimita 90, yenye duara la 216 au zaidi, itawatosha kwa miaka mingi pamoja na ile ya kawaida ya 150. Apigaye picha za mashamba na milima, asiyehitaji kuinua lenzi sana, aweza kuridhika na Angulon ndogo, nyepesi, ya bei nafuu, nayo itamtumikia vema. Lakini aitwaye kupiga picha za majengo akiichagua hiyo kwa ajili ya bei tu, atakumbuka kwamba rahisi huvunja upishi. Atasimama katika uwanja wa meta 10, paa limekatwa katika kioo chake, na nyuma yake wenye nyundo wanangoja.